Kutia nili kwenye kitani, kwa mapambo ya bandi

Nili haiyeyuki ndani ya maji, na rangi yake hujijenga juu ya uzi tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo nguo iliyochovywa mara nane kwa dakika chache hupata buluu nzito na ya kudumu kuliko iliyolazwa ndooni usiku kucha.

Tafuta kitani mita mbili, unga wa nili ya majani gramu 100, chokaa gramu 200, tende nusu kilo, magadi soda, siki, glavu na ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Ile buluu ya kufulia nguo nyeupe siyo. Hiyo hutoka kwa maji.

Hatua ya 1: Kijue kitambaa. Iwe umenunua Darajani au Chake Chake, chomoa nyuzi mbili tatu uziunguze. Kitani huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Zikiyeyuka na kuacha kitone kigumu, hiyo ina poliesta.

Hatua ya 2: Chemsha. Kitani kina nta na utomvu wa mmea unaokataa rangi. Kichemshe saa moja au mbili kwa vijiko viwili vya magadi soda na sabuni kidogo. Maji yatakuwa ya kahawia. Yamwage, na kama bado yanatoka hivyo, rudia. Kikikauka, kidondoshee tone la maji: likinywewa papo hapo, kiko tayari.

Hatua ya 3: Piga bandi, yaani mshono wa kupitisha sindano juu na chini. Uzi ukivutwa, mikunjo iliyokazwa haishiki nili, na hapo ndipo pambo linapotokea. Mimi hupanga kitani kama kanga, pindo pembeni na mji katikati, nikachora korosho kwa penseli. Shona juu ya mchoro kwa uzi imara uliokunjwa mara mbili, fundo kubwa mwanzoni, bandi za nusu sentimita. Usivute uzi wowote kabla ya kumaliza mistari yote. Kisha nyunyizia maji, vuta uzi mmoja mmoja mpaka kitambaa kijikunje na kukaza kabisa, ufunge. Panapolegea, nili itapita na korosho itafifia. Ukiwa na jirani anayeshona kofia za viua, mwombe akae nawe. Watu hawa wanajua kukaza uzi bila kuchana nguo.

Hatua ya 4: Andaa ndoo. Nili lazima inyang'anywe oksijeni ndipo iyeyuke, na kazi hiyo inafanywa na sukari ya matunda pamoja na chokaa. Sukari nyeupe ya dukani haifai. Tende na asali zinafaa. Chemsha tende katika lita tatu za maji, uchuje. Koroga nili na maji ya moto kidogo mpaka isiwe na vidonge. Jaza ndoo maji ya moto unayoweza kuyagusa kwa shida, tia nili, maji ya tende, kisha chokaa kidogo kidogo.

Chokaa yetu ya mawe ya matumbawe ni nzuri sana, ila iwe imeshazimwa kwa maji na imehifadhiwa imefungwa. Iliyokaa wazi muda mrefu hunywa hewa na kurudi kuwa unga wa mawe usio na nguvu. Vaa glavu na ulinde macho, kwani inaunguza.

Koroga taratibu bila kuingiza hewa, funika. Baada ya saa kadhaa juu patakuwa na utando wa rangi ya shaba, na chini yake maji ya manjano yaliyokolea. Yakibaki buluu, yapashe moto na uongeze maji ya tende.

Hatua ya 5: Chovya. Lowesha kitani, kamua, engua povu, kizamishe dakika tano bila kugusa mashapo. Kitoe polepole. Kitatoka kijani kibichi, na ukikitazama utaona buluu ikianzia kwenye ncha za mikunjo, pale upepo unapogusa kwanza, ikashuka mabondeni. Fungua mikunjo kwa vidole ili hewa ipite. Kiache robo saa, rudia. Nguo mbichi hudanganya, ikikauka hupauka, kwa hiyo ongeza michovyo miwili baada ya kuridhika. Ukitaka weusi wa kaniki, endelea kesho.

Hatua ya 6: Malizia. Anika kivulini, suuza, kisha loweka robo saa katika ndoo ya maji yenye kikombe cha siki ili chokaa itoke. Fua kwa sabuni laini. Kata mafundo kwa mkasi mdogo, vuta nyuzi, unyooshe kitani kikiwa bado na unyevu. Ndoo ifunike vizuri. Ikipashwa moto na kuongezwa tende, itatia nguo nyingine.