Hilux imelalia upande mmoja: tafuta kona yenye kosa kabla ya kununua springi

Kona iliyoshuka si lazima iwe ndiyo mbovu. Chesisi ya pikapu ni ngumu, kwa hiyo springi ya nyuma kulia ikichoka, kona hiyo inazama na kona ya mbele kushoto inanyanyuka. Fundi mwenye haraka ataona pua imepinda, atanunua springi za mbele, atazifunga, na gari litabaki vilevile. Kazi ya kwanza ni kujua kama kosa liko mbele au nyuma, na hiyo haihitaji kununua chochote.

Maelezo haya yanaihusu Hilux. Vigo, ile ya 2005 hadi 2015, ina koili springi mbele na springi za majani nyuma. Za kizazi kilichotangulia, nyingine zina toshen baa mbele (fimbo za chuma zinazosokotwa badala ya koili), nyingine zina ekseli nzima na springi za majani mbele na nyuma. Chungulia chini ujue yako ni ipi.

Shusha mzigo wote, na dereva asiwe ndani. Weka upepo sawa kulia na kushoto matairi yakiwa baridi, na hakikisha saizi ni moja. Tairi jipya lenye kashata (meno ya tairi) ya milimita 8 likikaa mkabala na kipara cha milimita 2, tayari gari limeinama milimita 6 na springi hazina kosa lolote. Sakafu ya saruji ipimwe kwa mpira wa maji wa waashi, maana sakafu nyingi za gereji zina mteremko wa kutolea maji. Kama huna mpira huo, pima, geuza gari lielekee upande wa pili palepale, pima tena: kilema kikihamia upande mwingine wa gari, basi ni sakafu.

Kabla ya kila kipimo sukuma gari mbele na nyuma mita mbili tatu, kisha libonyeze kila kona liache kung'ang'ania. Hatua hii hurukwa sana, hasa gari likitoka kwenye jeki, na vipimo vyake vinakuwa vya uongo.

Chukua vipimo viwili kila kona. Cha kwanza ni kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Cha pili ni kutoka sakafuni hadi chini ya chesisi, mahali palepale kulia na kushoto, kwa mfano kwenye tundu moja linalofanana pande zote. Andika vyote. Habu na fenda zikilingana lakini chesisi ikatofautiana, shuku matairi. Chesisi ikiwa sawa na fenda haziko sawa, tazama mipira inayobeba kebini na karai la nyuma, au bodi iliyowahi kugongwa ikanyooshwa kwa makadirio. Tofauti ya hadi milimita 10 sisi huiacha. Tangi la mafuta likikaa upande mmoja linatosha kuileta. Ikifika milimita 20, kuna kitu.

Sasa jaribio la jeki, ambalo ndilo linaloamua. Ziba magurudumu ya mbele kwa vizuizi pande zote mbili. Usitegemee handibreki, kwa sababu inashika magurudumu ya nyuma na hayo ndiyo unayoyanyanyua. Weka jeki ya gereji katikati kabisa ya ekseli ya nyuma, inua hadi matairi yaachane kidogo na sakafu, na usiingie chini. Ekseli sasa inaweza kuyumba kulia na kushoto, kwa hiyo nyuma haiamui tena gari lisimame vipi. Pima mbele. Ikinyooka, kosa liko nyuma. Ikibaki imepinda, kosa liko mbele. Thibitisha kwa kugeuza: teremsha, ziba magurudumu ya nyuma, inua kwa krosimemba ya mbele (chuma kinachokatiza chesisi) katikati, kisha pima nyuma.

Kosa likiwa nyuma, anza na senta bolti, inayofunga majani ya springi pamoja katikati. Kichwa chake hukaa kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Ikikatika, majani yanateleza na ekseli inasogea mbele au nyuma upande huo. Pima kutoka katikati ya habu hadi henga ya mbele ya springi (kishikio chake kwenye chesisi), kulia na kushoto, utaiona bila kufungua kitu. Kisha safisha majani kwa brashi ya waya na tafuta mstari mwembamba wa kutu nyekundu karibu na klipu au karibu na yu-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Jani likikatika chini ya yu-bolti halionekani kirahisi. Hesabu majani pia: mara nyingi mtu aliongeza jani upande mmoja tu ili kuficha uchovu. Funga uzi kutoka jicho hadi jicho la springi na upime kimo cha upinde katikati, ulinganishe pande mbili. Tazama na shakoli, kiungo kinachobembea mwisho wa springi, isije ikawa imepinduka na kukwama kwenye chesisi.

Springi iliyochoka inaweza kukunjwa upya na wahunzi, ila chuma kisichopikwa vizuri hulegea tena mzigo ukianza. Tunapendelea kubadilisha jozi. Jipya upande mmoja na kuukuu upande wa pili ni kuhamisha kilema.

Kosa likiwa mbele, kwa Vigo koili hukatika mkunjo wa chini kabisa, ndani ya kikalio, mahali ambapo jicho halifiki. Tumia kioo na tochi. Angalia kama ncha ya koili imekaa kwenye ngazi yake, kama kuna spesa upande mmoja, na kama springi mbili zina alama za rangi zinazolingana na pande zake. Kisha kuna bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu), kosa ambalo wengi hawalijui. Bolti zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa na kulinyanyua gari upande huo, halafu unachanika mapema. Chora alama kwenye kamu za bolti hizo, kwa kuwa zinabeba alaimenti (mpangilio wa magurudumu), zilegeze gari likiwa limekanyaga sakafu, bonyeza gari mara kadhaa, rudisha alama, kaza, pima tena.

Kwenye toshen baa, rekebisha kwa bolti ya kurekebishia, gurudumu likiwa limenyanyuliwa na chesisi imekaa kwenye stendi. Zungusha nusu mzunguko, teremsha, sukuma gari, pima. Uzi wa bolti moja ukiisha wakati mwenzake bado una nafasi, baa imechoka, au iliingizwa kwenye meno yasiyo yake. Baa huandikwa L (kushoto) na R (kulia), usizibadilishane. Na usizitumie kunyoosha gari ambalo jaribio la jeki limeonyesha kosa liko nyuma.

Shokapu hazibebi uzito wa gari, kwa hiyo kuvuja kwake hakulazi gari upande. Iliyopinda au kukwama inaweza kulishikilia, na ukifungua bolti yake ya chini utajua papo hapo, isipokuwa shokapu za mbele za Vigo, ambazo zimevalishwa koili na bolti hiyo inabeba uzito. Fanya vivyo hivyo kwa linki za stebiliza (viungo vya baa inayozuia gari kulala kwenye kona). Vyote vikiwa vizima, osha chesisi na tafuta ufa kwenye henga na pale inapopinda juu ya ekseli.

Baada ya kazi, kaza yu-bolti tena gari likishatembea kilomita 500 hivi, kisha peleka alaimenti na urekebishe mwanga wa taa za mbele, kwani kimo kimebadilika.