Namna ya Kutazama "Robin Redbreast" na Kuipata Hofu Yake

Robin Redbreast ni mchezo wa televisheni ulioandikwa na John Bowen, ukaongozwa na James MacTaggart na kurushwa na BBC tarehe 10 Desemba 1970 katika mfululizo wa Play for Today. Unamhusu Norah Palmer, mhariri wa miswada ya televisheni kutoka London, ambaye baada ya kuachana na mwenzi wake anahamia nyumba ya shamba, katikati ya wanakijiji wenye adabu kupita kiasi. Mtu aliyezoea filamu za damu na makelele anaweza kuutazama mpaka mwisho bila kuiona hofu yenyewe, kwa sababu hofu hiyo imo katika mpango ambao kila mtu kijijini anaujua isipokuwa mgeni.

Anza na nakala. Usidhani kwamba ni mbovu kwa kuwa haina rangi: mchezo ulirekodiwa kwa rangi, lakini kilichosalia ni filamu ya milimita 16, nyeusi na nyeupe, ambayo British Film Institute iliitoa kwa DVD mwaka 2013. Tenga saa moja na nusu na uutazame kwa kikao kimoja. Usiku ule wa kwanza, kukatika kwa umeme kulikosababishwa na mgomo baridi wa wafanyakazi wa umeme Uingereza kuliwanyima watazamaji wengi mwisho wake, na BBC ikaurudia Februari 1971. Ilistahili kufanya hivyo, kwani bila dakika za mwisho kinachobaki ni kisa cha mwanamke wa mjini aliyechoshwa na majirani.

Unapoutazama mara ya kwanza, usisubiri jini wala mzimu, angalia mlango. Angalia jinsi Bi Vigo, anayemfanyia Norah kazi za nyumbani, anavyojua mambo ambayo hakuambiwa, na jinsi Bwana Fisher, mzee msomi wa kijijini, anavyoomba ruhusa ya kutafuta vigae vya kale bustanini, kisha akageuza ombi hilo kuwa mhadhara mrefu. Kila jambo linapotokea kana kwamba ni kwa bahati, jiulize nani alijua mapema na nani ananufaika. Pa kujizoezea ni usiku wa chakula cha jioni. Norah amemwalika Rob, kijana wa kijijini mzuri wa sura, lakini mazungumzo yake yanamchosha, naye anaondoka. Muda mfupi baadaye ndege anaporomoka kupitia dohani, Norah anapiga kelele, na Rob, ambaye kumbe hajafika mbali, anarudi kumsaidia. Usiku huohuo kifaa cha Norah cha kuzuia mimba hakionekani mahali pake. Simamisha picha hapo na uorodheshe ni watu wangapi walihitajika ili mambo hayo yote yaangukie usiku mmoja.

Asiyetaka kufichuliwa mwisho aishie hapa mpaka amalize kutazama.

Mara ya pili, mwondoe Norah katikati ya hadithi na umweke Rob. Tumeshikamana na hofu ya mwanamke mjamzito ambaye gari lake haliondoki na basi halimsimamii, hata tukaamini kwamba yeye ndiye anayewindwa, kumbe aliyelelewa kijijini kwa ajili ya kutolewa kafara ya mavuno ni yule kijana, na anauawa msimu wa Pasaka. Jina lake halisi ni Edgar. Hilo la Rob amepewa na kijiji, na ukilisikia ukiwa unajua kwamba ndilo jina la anayeandaliwa kuwa kafara, maongezi ya Fisher yaliyoonekana kama porojo za mzee msomi yanageuka kuwa maelezo ya wazi kabisa. Hapo ndipo Bowen anapostahili sifa kubwa kuliko waandishi wengi wa aina hii: hakuficha kitu, ila alitegemea kwamba sisi, kama Norah, hatutamsikiliza mtu wa shamba kwa makini.

Ukitaka kusoma zaidi kuhusu kisa cha kweli kinachohusishwa na mchezo huu, tafuta habari za mauaji ya Charles Walton, mfanyakazi wa shamba aliyeuawa Lower Quinton, Warwickshire, tarehe 14 Februari 1945, ambayo muuaji wake hakupatikana na ambayo uvumi wa uchawi umeyaandama tangu wakati huo. Yasome baada ya kutazama, maana ukiyasoma kabla utamshuku Fisher tangu anapofungua kinywa.