Jinsi ya kuagiza kahawia iliyokoza usipewe rangi nyingine

Kama kamati ya harusi imepitisha sare ya kahawia msiishie hapo jamani, kahawia ni ukoo mzima, kuna ya kupauka inayokaribia kaki na kuna nzito kabisa, na jina lenyewe limetoka kwenye kahawa kwahiyo mi nikisema kahawia iliyokoza namaanisha ile kahawa ya kwenye birika kijiweni, kwa mbali nyeusi, ukiisogeza kwenye mwanga ndo unaona ni brauni.

Kariakoo ukitaja kahawia tu utaulizwa brauni ipi, maana wenyewe wana dakibrauni, kofi, chokoleti. Yataje tu ila usiyategemee, chokoleti ya duka hili sio ya duka la pili. Beba kipande cha kitambaa, na kabla hujalipa toka nacho nje juani, taa za dukani zinadanganya sana, hasa kwenye damu ya mzee. Hapa ndo watu wanaumia! Damu ya mzee ni nyekundu iliyotiwa giza, kahawia ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, usiku ukumbini zinafanana lakini mchana kwenye picha mmoja anaonekana kavaa sare ya watu wengine. Halafu nunueni kwa pamoja toka jora moja, majora yanapishana rangi kidogo hata kama jina ni lile lile.

Hudhurungi je? Neno tamu na kwenye shairi litumie, ila kwenye oda liache, huyu akilisikia anawaza kahawia yoyote na yule anawaza ile nyepesi.

Kwenye kuandika ni viatu vya kahawia, gauni la kahawia, neno halibadiliki. Ngozi ya mtu usiiite kahawia, sema maji ya kunde, ndo tunavyoongea.

Kwa kadi, mpe dizaina namba #654321, hiyo ni kahawia nzito, ila kioo cha simu na karatasi havitoi rangi sawa, omba aprinti moja kwanza muione.

Na kama ni geti, fundi akichanganya mwenyewe aanze na rangi ya chungwa, nyeusi aongeze kidogo kidogo huku anakoroga, ikizidi kuirudisha ni kazi. Apake kwanza kwenye kipande cha bati, isubirini ikauke kabisa ndo mkubaliane, ikiwa mbichi isikupe presha.