Jinsi ya kuunda modeli inayoonyesha pa kupima madini ya risasi kwanza katika mito ya Nairobi

Mwongozo huu ni wa anayejua Python kidogo na anayetaka kazi yake imsaidie afisa wa kaunti kuamua. Tutashughulika na madini ya risasi, sumu inayodhoofisha ubongo wa mtoto, katika Mto Nairobi, Ngong na Mathare.

Hatua ya 1: Sampuli. Chota maji juu na chini ya kila mtaro unaomwaga mtoni. Andika tarehe, vipimo vya GPS na siku zilizopita tangu mvua inyeshe. Risasi hujishika kwenye tope, na mvua kubwa hulitibua. Kabla ya kulipa maabara, uliza mashine yao huona kiasi gani kidogo kabisa. Kiwango cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Kama mashine haioni chini ya 0.05, jibu la "haikuonekana" halikuambii maji ni salama. Usiligeuze kuwa sifuri.

Hatua ya 2: Modeli. Ipe modeli umbali hadi gereji, mitaro na viwanda, pamoja na mvua, ikadirie uwezekano wa kila mahali kuwa na risasi iliyozidi kiwango. Miti ya maamuzi (decision trees) inatosha.

Hatua ya 3: Jaribio. Hapa ndipo nilipokosea. Niligawa sampuli kwa bahati nasibu, nyingine za kuifunza modeli na nyingine za kuijaribu, nikapata alama za juu sana. Kumbe sampuli mbili za Mukuru, hatua chache kutoka moja hadi nyingine, zilikuwa moja kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani. Modeli ilinakili kwa jirani. Nilipouficha Mto Mathare mzima wakati wa mafunzo, alama zikaporomoka. Tumia GroupKFold, zana ya maktaba ya scikit-learn ya Python inayogawa data kwa makundi, kila mto uwe kundi lake. Mathare na Ngong humwaga maji katika Mto Nairobi, kwa hiyo sampuli za chini ya makutano ziweke kando.

Hatua ya 4: Kizingiti, yaani uwezekano ambao mahali pakiufikia panaingia kwenye orodha ya kupimwa. Kumtuma mtu apime maji safi ni hasara ya siku moja. Kuruka penye sumu kunamwumiza mtoto. Shusha kizingiti chini ya 0.5 kadiri bajeti ya vipimo inavyoruhusu.

Hatua ya 5: Ukurasa mmoja. Taja Kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi. Usiandike "modeli imegundua sumu", wala usitaje kiwanda; ushahidi hutoka maabara. Andika: "Tunaomba maeneo haya 10 yapimwe kabla ya mvua za Machi." Chini yake, andika ni maeneo mangapi yenye sumu modeli iliyakosa kwenye mto uliofichwa.