SOMO: Mthamini wa Marekani anavyohesabu ghorofa za nyumba

Wakuu, salaam. Tulipokuwa tunaomba mkopo wa nyumba hapa Ohio, nilijaza kwenye fomu kwamba nyumba ina ghorofa 1. Nilikuwa nawaza kwa akili ya Dar: kuna chini, halafu kuna juu. Mthamini akaja na futi yake, akaandika 2. Huku sakafu ya chini nayo inahesabiwa. Ile tunayoiita "nyumba ya chini", kwao ni 1.

Hatua ya 1: Zunguka nje kwanza. Angalia udongo unagusa wapi ukuta. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Kwa kanuni za upimaji ziitwazo ANSI Z765, sakafu ikizama ardhini hata upande mmoja tu, yote inahesabiwa kuwa ya chini ya ardhi. Haijalishi kama nyuma ina mlango wa kutokea bustanini. Fannie Mae, wanaonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, wamezifanya kanuni hizo kuwa za lazima tangu Aprili 1, 2022. Besimenti yako, yaani hiyo sakafu iliyozama ardhini, hata ikiwa na zulia, jiko na bafu, ina thamani yake, ila inaandikwa mstari wake peke yake. Kwenye idadi ya ghorofa haimo.

Hatua ya 2: Hesabu sakafu zilizo juu ya ardhi kabisa. Hapa hakuna fumbo.

Hatua ya 3: Panda chumba cha chini ya paa. Nyumba za mtindo wa Cape Cod huandikwa 1.5 kwa sababu ya chumba hiki. Shika futi upime kimo. Penye chini ya futi 5, kata. Katika eneo lililobaki, angalau nusu iwe na kimo cha futi 7 au zaidi. Mfano: chumba kina futi za mraba 300, na 40 ziko kwenye kona ambako lazima uiname. Zinabaki 260. Kama 180 kati ya hizo zina kimo cha futi 7, unahesabu zote 260. Kama ni 120 tu, chumba kizima kinatoka, hata kama mtoto analala humo kila siku.

Ngazi nayo iwe ya kudumu. Ile ya kukunja, unayoivuta kwa kamba kutoka darini, haikupi hata nusu.

MASWALI

Mdau wa Minneapolis: Kwangu ukifungua mlango unakuta ngazi, nusu unapanda, nusu unashuka. Si 2 hizo?
Jibu: Pole mkuu. Ile ya kushuka kwa kawaida imezama kidogo, madirisha yake yako karibu na majani. Hiyo ni 1 na besimenti.

Mdau wa Houston: Sebule yangu iko wazi hadi paani. Ule uwazi wa juu unahesabiwa?
Jibu: Hapana, hewa haina futi za mraba. Lakini kama vyumba vya kulala viko juu, nyumba inabaki 2.

Mdau wa Mbezi: Sasa nikimwuzia Mmarekani nyumba yangu ya huku nimwambieje?
Jibu: Kwenye ramani fundi wako si ameandika G+1, yaani ya chini na moja juu yake? Hiyo G kwao nayo ni ghorofa. Mwambie 2.