Namna ya Kutumia Kitenzi "Lika"

Kitenzi "lika" kimetokana na "la", kile cha kula, na hutumika pale kitu kinapopungua kidogo kidogo kwa kusuguliwa, kukanyagwa au kunolewa. Kabla ya kukitumia, hakikisha kwamba kitu kimepungua kweli. Kisu kisichokata ni butu tu. Kilicholika ni kile ambacho bapa lake limekuwa jembamba kwa miaka mingi ya kupitishwa kwenye jiwe la kunolea, nacho huenda kikakata nyama vizuri kuliko kipya. Ndivyo ilivyo hata kwa mbuzi ya kukunia nazi: meno yakiwa mafupi na laini kiasi kwamba nazi inateleza juu yake, yamelika, yakivunjika kwa kuangushwa, sema yamevunjika.

Kwa kuwa shina hili lina silabi mbili, halihitaji "ku" baada ya kiambishi cha wakati, kwa hiyo tunasema "kisigino kimelika", si "kimekulika", ingawa "amekula" ni sahihi. Kiambishi "-me-" ndicho kinachokifaa zaidi, maana aghalabu tunaona matokeo bila kuliona tendo. Tairi lililopungua huku likabaki kule "limelikalika".

Usikichanganye na "liwa", ambacho humtaja mlaji: ubao umeliwa na mchwa, lakini kizingiti kimelika kwa kukanyagwa. Ukitaka kutaja kinachosababisha, rudi kwenye "kula" kama wafanyavyo mafundi wa magari wasemapo "gari hili linakula tairi"; "lisha" haitakufaa, kwani hiyo ni kumpa mtu chakula. Na mtu akisema mboga fulani "inalika", bila shaka anasema tu kwamba yafaa kuliwa.

Kiatu kizima huchakaa, soli yake hulika. Ardhi, kwa upande wake, humomonyoka, kwa sababu chembe zake huachana na kuchukuliwa na maji au upepo. Kule Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979 ili makorongo yapate kuota majani, tatizo liliitwa mmomonyoko wa udongo. Neno hilo ndilo lililohamia hata kwenye tabia za watu: "mmomonyoko wa maadili" umezoeleka, ilhali "kulika kwa maadili" kunakwaruza sikio, nami nisingekuandika.