Namna ya kukisia manowari ina mabaharia wangapi

Ukikaa Forodhani ukaona manowari imepita kule nje usikisie watu kwa urefu wake, utapotea. Manowari aina ya Arleigh Burke ya Marekani ina mita kama 155 na watu kama 300, aina ya Zumwalt, ya Marekani pia, ina mita kama 186 lakini watu kama 150 tu, mana kazi nyingi zimeachiwa kompyuta. We anza na zamu, kila kiti kinachokaliwa saa 24 zidisha kwa tatu, afu ongeza wapishi na mafundi. Hapa sasa ndo wengi wanasahau: moto ukiwaka nani anashika mpira wa maji wa kuzimia? Ule ukijaa maji mtu mmoja hauwezi, unamrusha, na moshini wanachoka upesi lazma wengine wapokee, kwa hiyo wakipunguzwa sana miye naona hatari kweli.